Dakika 120, kilo 16,000: hesabu ya kuchanganya mitindo ya kunyanyua vyuma

Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani Brad Schoenfeld na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 8 walilolifanya kwa wanaume waliokwisha kuzoea vyuma. Kundi moja lilifuata mtindo wa watu wa mashindano ya nguvu: seti 7 za marudio 3, uzito mkubwa, mapumziko ya dakika 3 kati ya seti na seti. Kundi la pili lilifuata mtindo wa watunisha misuli: seti 3 za marudio 10, mapumziko ya sekunde 90. Jumla ya kilo ilipangwa ilingane pande zote. Wanaume 17 walifika mwisho. Misuli ya mbele ya mkono iliongezeka unene kwa takriban asilimia 13 katika kila kundi, kwa hiyo hapo hakuna aliyemzidi mwenzake. Kwa nguvu, kundi la uzito mkubwa liliongoza. Ila siku moja ya mazoezi ya watunisha misuli ilikwisha kwa dakika 17 hivi, na ya wenzao ilichukua dakika 70.

Dakika hizo 53 za tofauti ndizo zinazosahaulika kwenye mabishano ya kumbi za mazoezi. Mabaunsa wanabishana kama marudio 3 ni bora kuliko 10, au kama kunyanyua kwa kasi kunasaidia chochote, utadhani mitindo yote inauzwa bei moja. Bei si moja, wala malipo yake si ya aina moja. Mtindo mmoja unakula muda na viungo, mwingine unakula kilo na chakula, wa tatu unadai mwili usiochoka. Anayepanga wiki yake bila kujua kila mtindo unamtoza nini huishia kulipia sana kile asichokihitaji, na baada ya miezi mitatu huwa haonekani tena ukumbini. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi mtu huyo hakukosa bidii. Alipangiwa vibaya.

Mitindo ninayoizungumzia ni mitatu. Wa kwanza ni wa uzito mkubwa: marudio 1 hadi 5, kwa asilimia 85 na kuendelea ya kile mtu anachoweza kunyanyua mara moja tu. Wa pili ni wa marudio mengi: 8 hadi 12, kwa asilimia 60 hadi 75, mpaka misuli iwake moto. Wa tatu ni wa kasi: asilimia 50 hadi 60, marudio 2 au 3 kwa seti, kila moja likipigwa kwa haraka yote uliyonayo. Vladimir Zatsiorsky, mwanasayansi aliyekulia katika michezo ya Kisovieti, aliipanga hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1995. Louie Simmons wa Columbus, Ohio, akaigeuza kuwa ratiba ya wiki katika ukumbi wake wa Westside Barbell: siku mbili za uzito wa juu kabisa, siku mbili za kasi, marudio mengi yakijazia mwishoni mwa kila siku, na saa 72 kati ya siku nzito ya miguu na siku yake ya kasi. Simmons alifariki mwaka 2022, lakini ratiba yake inanakiliwa hadi leo na watu ambao hawana maisha ya wale aliowafundisha. Wale walikuwa washindani, wengi wao wakivaa suti maalumu zinazowasaidia kuinuka na uzito. Msomaji wa makala haya ana kazi, ana foleni ya kurudi nyumbani, ana watoto wanaomsubiri.

Basi tuchukue mtu wa mfano, hesabu zipate pa kusimama. Ana kilo 75. Anaweza kupiga skwati moja na kilo 120 begani, kusukuma kilo 90 akiwa amelala kwenye benchi, na kupiga dedilifti ya kilo 150, yaani kuinua baa kutoka sakafuni mpaka asimame wima. Huyu si bingwa. Ni mtu aliyefanya mazoezi miaka miwili mitatu bila kukatisha. Siku zake ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Tuanze na skwati peke yake. Kwa mtindo mzito anafanya seti 5 za marudio 3 kwa kilo 102.5, ambazo ni kama asilimia 85 ya uwezo wake. Hiyo ni marudio 15, jumla kilo 1,537.5. Kwa marudio mengi anafanya seti 4 za 10 kwa kilo 77.5: marudio 40, kilo 3,100. Kwa kasi anafanya seti 8 za 2 kwa kilo 65: marudio 16, kilo 1,040. Ukitazama kilo tu, utasema marudio mengi ni kazi mara mbili ya uzito mkubwa. Ukitazama saa ya ukutani, mambo yanageuka.

Huwezi kuingia chini ya kilo 102.5 ukitoka moja kwa moja kwenye daladala. Kwanza unapasha misuli: baa tupu ya kilo 20 mara 8, kilo 50 mara 5, kilo 70 mara 3, kilo 85 mara 2, kilo 95 mara 1. Ngazi hiyo peke yake ni kilo 885, zaidi ya nusu ya kazi yenyewe, na inakula dakika 10 za kupachika na kupachua sahani. Kisha seti 5, na kati yake mapumziko manne ya dakika 3, ambayo ni dakika 12. Ukijumlisha na muda wa kunyanyua, zinafika dakika 24. Skwati ya marudio mengi ikiwekwa baada ya zoezi lingine, mwili ukiwa umekwisha pata moto, inamalizika kwa dakika 9. Ya kasi, kwa mapumziko ya dakika 1, inachukua 11.

Sasa wiki nzima. Jumatatu: skwati nzito, kisha benchi seti 4 za 10 kwa kilo 57.5, kisha kuinama na kuvuta baa tumboni seti 4 za 10 kwa kilo 50. Jumatano: benchi nzito seti 5 za 3 kwa kilo 77.5, dedilifti ya kasi seti 8 za 2 kwa kilo 90, halafu kujivuta kwenye bomba seti 4 za 8, ambapo uzito ni mwili wake mwenyewe. Ijumaa: dedilifti nzito seti 3 za 3 kwa kilo 127.5, skwati seti 4 za 10 kwa kilo 77.5, na kusukuma baa juu ya kichwa seti 4 za 8 kwa kilo 40. Ukiacha kupasha misuli, wiki hiyo ina marudio 239 na kilo 16,367.5; muda wake, kupasha misuli kukiwemo, ni dakika 120 hivi.

Tugawe kwa mtindo. Uzito mkubwa una marudio 39 tu, asilimia 16 ya yote. Kwa kilo unachukua asilimia 24. Kwa dakika unachukua 64, ambazo ni asilimia 53. Marudio mengi yana asilimia 77 ya marudio na asilimia 68 ya kilo, kwa dakika 45 tu. Kasi ina dakika 11 na asilimia 9 ya kilo. Kwa hiyo, hata katika wiki ambayo mtindo mzito umepewa zoezi moja tu kwa siku, bado ndio unaomeza zaidi ya nusu ya muda.

Na ndani ya dakika hizo 64, chuma kinasogea kwa muda gani? Rudio moja zito lina sekunde 4 hivi. Mara 39 ni sekunde 156, ambazo hazifiki dakika 3. Zilizobaki ni kupasha misuli, kubadili sahani na kukaa. Tuseme unalipa ukumbi ada ya shilingi 60,000 za Tanzania kwa mwezi: shilingi 32,000 kati yake zinakwenda kwenye mtindo mzito, na karibu zote zinalipia kusubiri. Ukienda mara 13 kwa mwezi kila siku inakugharimu shilingi 4,600 hivi. Ukienda mara 5 inakugharimu 12,000.

Lakini kusubiri huko ni gharama kwa anayefanya mazoezi peke yake. Kwenye kumbi za mitaani, zile za mabati zenye baa moja na benchi moja, watu wanne wakishika baa moja kwa zamu hesabu inakuwa nyingine kabisa. Kila mmoja anatumia kama dakika 1: anapachika sahani, ananyanyua mara 3, anatoka. Wenzake watatu wakimaliza, dakika 3 zimepita, zilezile alizozihitaji apumzike. Baa haikai bure, na kila mtu ana watatu wa kumsimamia asiangukiwe na chuma kifuani. Ndani ya dakika 20 watu wanne wamemaliza seti 20 nzito. Jaribu kufanya hivyo kwa marudio mengi: seti ya 10 ina sekunde 40, kubadili sahani sekunde 20, kwa hiyo zamu yako inarudi baada ya dakika 3 nzima wakati ulitaka sekunde 90. Seti 4 za mtu mmoja zilizochukua dakika 9 sasa zinachukua zaidi ya 12. Ndiyo maana naamini ukumbi maskini wenye watu wengi unafaa kujengwa juu ya uzito mkubwa kwa zamu, na marudio mengi yafanyike kwa vitu visivyogombaniwa: bomba la kujivutia, pushapu, makopo ya zege, ndoo ya mchanga.

Jumla ya kilo, namba ambayo programu za simu hupenda kuionyesha kwa herufi kubwa, inadanganya kuliko zote. Tazama makuli wanaoshusha saruji. Lori la tani 30 lina mifuko 600 ya kilo 50. Wakiwa wanne, kila mmoja anabeba mifuko 150, ambayo ni kilo 7,500 kabla ya mchana. Mtu wetu wa mfano kwa siku yake ya mazoezi ananyanyua wastani wa kilo 5,456. Kuli amemzidi, na kesho atamzidi tena. Anapata stamina na mgongo uliozoea kazi, vitu ambavyo watu wa ukumbini wanavitafuta kwa jasho. Lakini mfuko wa saruji utakuwa na kilo 50 mwaka huu, mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Mwili wake ukishaumudu uzito huo, hakuna kinachoudai uongeze nguvu. Kinachomjenga mnyanyuaji ni kilo 102.5 za leo kuwa 105 baada ya wiki mbili, hata jumla ya kilo za siku ikipungua.

Kwa uzito mkubwa, kipimo ninachokiamini ni cha A. S. Prilepin, kocha wa Kisovieti aliyepitia daftari za wanyanyuaji wa nchi yake na kuandika ni marudio mangapi yalileta maendeleo katika kila kiwango cha uzito. Kati ya asilimia 80 na 90, alipendekeza marudio 15 kwa zoezi, yasipungue 10 wala kuzidi 20, kwa seti za 2 hadi 4. Juu ya asilimia 90, yasizidi 10. Seti zetu 5 za 3 zinaangukia 15 kamili. Dedilifti nimeipa 9, chini kidogo ya kiwango chake, kwa makusudi: Jumatano mgongo umeshaguswa na dedilifti ya kasi, na skwati ya marudio 40 inafuata palepale Ijumaa.

Kwa marudio mengi kipimo kinabadilika. Hapo hesabu seti ngumu kwa kila kundi la misuli kwa wiki. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Schoenfeld, Ogborn na Krieger uligawa watu kwa seti: waliofanya chini ya 5 kwa wiki misuli yao iliongezeka kwa asilimia 5.4, wa seti 5 hadi 9 kwa asilimia 6.6, wa seti 10 na zaidi kwa asilimia 9.8. Wiki yetu inampa mtu seti 9 za mapaja kwa skwati, 9 za kifua, na 11 za mgongo ukihesabu dedilifti nzito. Mabega yana 4 zake na yanasaidia kwenye kila benchi. Angalia kilichotokea hapa: seti nzito zinahesabika pande zote mbili. Seti 5 za skwati ya kilo 102.5 zinaongeza nguvu na papo hapo zinachangia kwenye seti 9 za mapaja. Aliyetenga wiki 12 za nguvu tupu na wiki 12 za misuli tupu hapati nafuu hiyo.

Je, kuchanganya ndani ya wiki kunashinda kufuata mtindo mmoja kwa mwezi kisha mwingine? Mwaka 2002 Matthew Rhea na wenzake walilinganisha mambo hayo kwa wanaume 20 waliofanya mazoezi siku 3 kwa wiki kwa wiki 12. Nusu yao walianza na marudio 8 kwa wiki 4, wakaenda 6, wakamalizia na 4. Nusu nyingine walifanya 8 Jumatatu, 6 Jumatano, 4 Ijumaa, wiki zote. Waliochanganya waliongeza nguvu ya benchi kwa asilimia 28.8, wenzao 14.4. Kwa kusukuma kwa miguu, asilimia 55.8 dhidi ya 25.7. Namba hizo zimenukuliwa kila kona ya dunia. Mimi ningezishika kwa vidole viwili tu: kundi la watu 10 ni dogo, na mapitio ya tafiti nyingi yaliyokuja baadaye hayakuona tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili pale kazi inapolingana. Ninachokichukua kwa uhakika ni kwamba kuchanganya hakupotezi kitu. Na kuna faida ambayo haihitaji maabara. Ukikosa Jumatatu kwa msiba au mvua, umekosa kama theluthi moja ya wiki, lakini hakuna mtindo uliokuacha kabisa.

Kasi ndiyo inayodharauliwa zaidi, nami nitaitetea. Kwa kijana asiyeshindana, faida yake ni ndogo, na ikibidi kitu kikatwe, anza na hicho. Kwa mtu wa miaka 50 na kuendelea, kata kingine. Mwaka 1994 Dawn Skelton na wenzake nchini Uingereza walipima wanaume na wanawake 100 wa umri wa miaka 65 hadi 89. Nguvu ya misuli ilikuwa ikishuka kwa asilimia 1 hadi 2 kwa kila mwaka wa umri. Uwezo wa kuitoa nguvu hiyo kwa haraka ulishuka kwa takriban asilimia 3.5. Mtu anapojikwaa kwenye ngazi, hana muda wa kukusanya nguvu polepole. Ama mguu unawahi au hauwahi. Dakika 11 kwa wiki za kuinuka kwa kasi kutoka kwenye kiti, au na baa nyepesi begani kwa aliyezoea, ni bei ndogo sana kwa hilo.

Tuje kwenye chakula, ambako watu wengi hukosea hesabu kwa upande wa kuzidisha. Kuinua kilo 16,367.5 kwa wastani wa nusu mita ni kazi ya kilojuli 80, ambazo ni kilokalori 19. Misuli inapoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, ufanisi wake ukikaribia asilimia 20, kwa hiyo weka kilokalori 96. Chapati moja inapita hapo. Bila shaka mwili unalipa zaidi: unashusha chuma, unakaza mgongo, moyo unakwenda mbio, pumzi inahema. Kwa mtu wa kilo 75 saa moja ya vyuma hugharimu kati ya kilokalori 260 na 450 kwa ujumla. Hata hivyo wiki nzima ya dakika 120 haifiki 1,000. Hakuna sababu ya kuongeza bakuli la pili la wali kila usiku kwa kisingizio cha ukumbi.

Kinachohitajika ni protini, maana marudio mengi yanajenga, na ujenzi unataka malighafi. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulioongozwa na Robert Morton, uliokusanya tafiti 49 zenye watu 1,863, uliona kuwa faida ya kuongeza protini inaishia kwenye gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 75 ni gramu 120. Ukizitafuta kwenye mayai peke yake utahitaji 20. Lakini tazama sahani ya kawaida: unga wa mahindi gramu 300 una protini gramu 24, maharage makavu gramu 150 yana 33, dagaa wakavu gramu 60 wana kama 33 kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, mayai 2 yana 12, maziwa nusu lita yana 16. Jumla 118. Kopo la unga wa protini linalouzwa kwa bei ya gunia la mahindi halina la ziada ambalo dagaa hawana. Linarahisisha tu kwa asiye na jiko karibu.

Vifaa navyo vinachagua mtindo kabla wewe hujachagua. Baa ya mashindano ya wanaume ina kilo 20 na urefu wa sentimita 220. Ya wanawake ina kilo 15 na sentimita 201. Kwa mwenye pesa hiyo ni hatua ya kwanza. Kwa asiye nazo kuna zege, na zege lina hesabu nzuri. Lita moja ya zege ina kilo 2.4. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa linafika kilo 9.6, ndoo ya lita 20 inafika 48. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukichanganywa na mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1:2:4, unatoa zege la zaidi ya kilo 300, ambalo ni kama makopo 30. Bomba la maji la inchi 1 lenye urefu wa mita 2 lina karibu kilo 5, kwa hiyo bomba na makopo mawili ni kilo 24. Kwa marudio mengi, hapo umemaliza. Kwa uzito mkubwa, usithubutu. Bomba tupu ndani hupinda, kopo likidondoka zege linapasuka, na kopo la kilo 9.6 haliongezeki nusu kilo. Mwenye makopo aongeze marudio. Boyd Epley, kocha wa Chuo Kikuu cha Nebraska, aliacha kanuni rahisi ya kukadiria: gawa marudio kwa 30, ongeza 1, zidisha kwa uzito. Kilo 60 mara 10 zinaashiria uwezo wa kunyanyua kilo 80 mara moja. Mara 12 zinaashiria 84. Ukipita marudio 10 kanuni huanza kuyumba, ila inatosha kukuonyesha kwamba unapanda.

Kifaa kinachokosekana zaidi kwenye kumbi zetu ni kidogo sana. Ni sahani ya kilo 1.25. Pale ambapo sahani ndogo kabisa ni ya kilo 2.5, kila kupanda ni kilo 5, maana lazima uweke pande mbili. Kwa skwati ya kilo 100 hiyo ni asilimia 5, unaweza kuvumilia. Kwa mwanamke anayeanza kusukuma kilo 20 juu ya kichwa ni asilimia 25, na hakuna anayepanda robo nzima kwa wiki. Atakwama hapo miezi, kisha ataambiwa kwamba wanawake hawapandi. Dawa yake ni nati na washa za chuma zilizofungwa kwa waya, zikapimwa kwenye mizani ya dukani mpaka zifike nusu kilo, mafungu mawili, moja kila upande. Kupanda kunakuwa kilo 1, asilimia 5, sawa na wa skwati. Mwenye ukumbi anayesoma haya atengeneze mafungu hayo wiki hii.

Kuhusu wanaojumlisha vyuma na vilabu vya kukimbia vya Jumamosi: msiogope. Jaribio la Robert Hickson la mwaka 1980 lililowatia watu hofu lilikuwa na siku 5 za nguvu na siku 6 za kukimbia na baiskeli, ndani ya wiki hiyohiyo, kwa wiki 10. Huko ndiko nguvu zilikopanda kisha zikaanza kushuka kuelekea mwisho. Mbio mbili kwa wiki ziko mbali na hapo. Zitenganishe tu na siku ya kasi, kwa sababu mapitio ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa nguvu ya ghafla ndiyo inayoguswa mtu akichanganya.

Na dakika 120 zikikosekana? Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, kwa hiyo kuna nafasi ya kupunguza. Daktari Thomas DeLorme, aliyetibu nchini Marekani askari waliojeruhiwa wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1945 aliagiza seti 7 hadi 10 za marudio 10. Kufikia mwaka 1948, yeye na mwenzake Watkins walikuwa wameshuka hadi seti 3: ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito kamili. Kutoka marudio 70 hadi 100 wakabaki na 30.

Mtu wetu akibaki na dakika 80, asipunguze kila kitu nusu nusu. Mazoezi mazito yazunguke: wiki hii skwati, wiki ijayo benchi, inayofuata dedilifti, moja tu kwa wiki. Dakika 64 zinashuka hadi 24 au chini ya hapo. Marudio mengi yabaki na dakika zake 45, kasi na 11. Jumla 80. Nguvu itapanda polepole zaidi, kilo 2.5 kila baada ya wiki 3 kwa kila zoezi. Kwa mwaka wa wiki 48 hiyo ni mara 16, kilo 40 kwenye karatasi, na hata akipata robo yake tu, skwati ya kilo 120 imefika 130.